Vifaranga wa samaki wasioogopa adui: ni uasidi wa maji au ni sumu iliyomo ndani yake?

Mlezi wa Vifaranga ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninalea vifaranga wa samaki wa maji baridi kwenye matangi, na wakifikia urefu wa kidole huwahamishia kwenye bwawa la wazi ambamo ndege na samaki wakubwa hawakosekani. Swali langu halihusu vifo, kwa sababu vifo ndani ya matangi ni vichache. Linahusu tabia. Vifaranga wa kundi la sasa wanakula vizuri, rangi yao inang'aa na mapezi yao hayana kasoro, lakini hawana ile hofu ambayo kifaranga mwenye afya anapaswa kuwa nayo. Nikipitisha mkono juu ya tangi na kivuli kikawaangukia, wanaendelea kuogelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ilhali makundi yaliyotangulia yalikuwa yakitimka kwa ghafla na kutulia tuli kwenye sakafu ya tangi. Hawashikamani katika kundi. Kila mmoja anazunguka kivyake, na baadhi yao hukaa juu, karibu na bomba linaloingiza maji, hata mchana kweupe. Wakishahamishiwa bwawani, wanapungua kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona.

Mambo mawili yamebadilika tangu makundi yale ya zamani. Kwanza, sasa natumia maji ya chemchemi ambayo pH yake (kipimo cha uasidi: kadiri namba inavyoshuka ndivyo uasidi unavyozidi) ni 6.2, badala ya maji ya kisima yaliyokuwa karibu na 7.5. Pili, maji hayo yanapita kwenye mabomba mapya. Isitoshe, upande wa juu wa chemchemi kuna mashamba yanayonyunyiziwa dawa za wadudu. Nimesoma kwamba uasidi wa maji unaweza kuwapotezea samaki wachanga uwezo wa kutambua hatari, na nimesoma pia kwamba madai hayo yamepingwa vikali. Naomba wenye ujuzi wanieleze: je, pH ya 6.2, ambayo miongozo mingi ya ufugaji husema samaki wanaistahimili, inaweza kweli kubadili tabia bila kuua? Na nitatenganishaje athari za uasidi na athari za uchafu mwingine?

---

Mtafiti wa Mito amejibu:

Ndugu Mlezi, swali lako limegusa mahali ambapo vipimo vya kawaida vya sumu havifiki. Kwa muda mrefu ubora wa maji umekuwa ukihukumiwa kwa kuwaweka samaki ndani yake kwa saa 96 na kuangalia ni kiwango gani kinachoua nusu yao. Kifaranga aliyebaki hai huhesabiwa kuwa mzima, hata kama hawezi tena kunusa damu ya mwenzake. Porini, kifaranga wa namna hiyo ataliwa kabla jua halijazama, na hakuna atakayeandika kwamba maji ndiyo yaliyomuua.

Jibu langu la moja kwa moja ni ndiyo: pH ya karibu 6 inaweza kubadili tabia bila kuua, na njia mojawapo inafahamika vizuri. Mwaka 1938 mwanazuolojia Karl von Frisch, Mwaustria ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya nyuki, alieleza kwamba ngozi ya samaki mdogo wa mtoni inapochanika hutoa kemikali inayowafanya wenzake watimke au wajifiche. Kemikali hiyo hukaa ndani ya ngozi na haitoki mpaka ngozi ijeruhiwe, kwa hiyo samaki akiinusa anajua kwa hakika kwamba mwenzake ameumwa au ameliwa mahali fulani karibu. Samaki wa jamii nyingi wana mfumo wa aina hii, wakiwemo kambare, kapu, trauti na samoni.

Kwa samaki wachanga kemikali hiyo ina kazi nyingine kubwa zaidi, nayo ni kufundisha. Kifaranga hazaliwi akiwajua maadui wake wote. Akinusa harufu ngeni ya samaki mla nyama pamoja na kemikali ya tahadhari kwa wakati mmoja, mara nyingi mara hiyo moja inatosha: tangu hapo harufu ile ngeni peke yake itamtia hofu. Ukiiondoa kemikali ya tahadhari, umeondoa pia somo.

Hapo ndipo uasidi unapoingia. Katika miaka ya 2000 watafiti wa Kanada walionyesha, kwenye matangi na kwenye vijito vya asili, kwamba maji yanaposhuka hadi pH ya karibu 6.0 vifaranga wa samoni na trauti, pamoja na samaki wengine wadogo, huacha kuitikia kemikali hiyo, ingawa miili yao haionyeshi dalili yoyote ya ugonjwa. Sehemu kubwa ya tatizo haimo puani, imo kwenye ujumbe wenyewe. Molekuli inayodhaniwa kuwa kiini cha ujumbe huo, haipozanthini-3-N-oksaidi, hubadilika umbo kwenye maji yenye uasidi, na hata ukiyarudisha maji kwenye pH ya kawaida, ujumbe ulioharibika hauitikiwi tena. Kwa sababu hiyo mvua yenye asidi inayodumu kwa siku chache tu inaweza kuwaacha vifaranga wa kijito kizima bila tahadhari katika majira ambayo wanaihitaji kuliko wakati wowote.

Yako mengine ambayo uasidi huyafanya kwa mkono wa pili, na maarufu kuliko yote ni alumini. Metali hiyo ni nyingi kwenye udongo lakini haina madhara ikiwa imefungamana na mawe. pH ikishuka chini ya 5.5 hivi huanza kuyeyuka, huingia mtoni na kunata kwenye matamvua. Mito ya kusini mwa Norwei ilipoteza samoni wake kwa njia hii katika karne ya 20, na baadhi yake, kama Mto Mandal, ilipata samoni tena baada ya kumwagiwa chokaa kwa miaka mfululizo. Kwa pH yako ya 6.2, hata hivyo, alumini singeiweka mbele kwenye orodha ya watuhumiwa.

Nina jambo moja linalonisumbua katika maelezo yako, nalo ni kivuli. Kivuli huonekana kwa macho. Kuharibika kwa kemikali ya tahadhari kunaeleza kwa nini vifaranga wako hawajifunzi na kwa nini wanaliwa bwawani, lakini hakuelezi kwa nini hawashtuki mkono unapopita juu yao. Kama kivuli nacho hakiwatishi, basi ama wamezoea mkono wako kwa sababu ndio unaowaletea chakula, ama kuna kitu kinachogusa mfumo wao wa neva wenyewe. Uwezekano huo wa pili unahitaji mtu anayezijua metali na viuatilifu kuliko mimi.

---

Fundi wa Matangi amejibu:

Naunga mkono maelezo ya Mtafiti wa Mito, na naongeza swali: mabomba yako mapya ni ya nini? Nauliza kwa sababu maji laini yenye uasidi kidogo ndiyo yanayokula mabomba ya shaba haraka kuliko yote, na shaba ni sumu ya pua.

Mchukue kifaranga mmoja umtazame kwa lenzi ya mkononi. Mbele ya kila jicho utaona kijitundu. Maji huingia upande wa mbele na kutokea upande wa nyuma kadiri anavyoogelea. Ndani ya kijitundu hicho mna vikunjo vya ngozi laini vilivyojipanga mithili ya petali za ua, na juu ya vikunjo hivyo ncha za neva za kunusa zimelala wazi, zikitenganishwa na maji kwa ute mwembamba tu. Hakuna mahali pengine mwilini mwa samaki ambapo neva inayokwenda moja kwa moja kwenye ubongo imeachwa wazi namna hiyo. Chochote kilichomo majini huigusa neva hiyo kabla hakijaingia kwenye damu.

Shaba huizima neva hiyo kwa viwango vidogo mno. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 kuhusu vifaranga wa samoni aina ya coho lilionyesha kwamba mikrogramu 2 za shaba kwa lita moja ya maji, kwa saa 3 tu, zilitosha kupunguza umeme wa neva za kunusa na kuwafanya vifaranga wasitulie walipopewa harufu ya ngozi iliyojeruhiwa. Mwaka 2012 watafiti waliendelea hadi mwisho wa mambo: waliwaweka vifaranga wa aina hiyohiyo pamoja na trauti wanaokula samaki. Wale ambao hawakuguswa na shaba waliinusa tahadhari, wakatulia tuli, na wengi wakanusurika kwa muda mrefu zaidi. Wale waliokaa kwenye mikrogramu 5 za shaba au zaidi waliendelea kuogelea huku na huku, na mwendo wao ndio uliowafichua kwa trauti.

Linganisha kiwango hicho na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ya binadamu, ambao ni miligramu 2 za shaba kwa lita. Hicho ni mara 1,000 ya kiwango kilichowavuruga samoni wale. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba maji yako ni salama kwa sababu yeye mwenyewe anayanywa, hajakuambia lolote kuhusu vifaranga.

Naomba ulizingatie na hili. Wafugaji wengi wanajua kwamba maji magumu hupunguza ukali wa shaba, nao wako sahihi inapohusu matamvua. Kwa upande wa pua, majaribio yalionyesha kwamba ugumu wa maji na ualkali (uwezo wa maji kupooza asidi) husaidia kidogo sana; kinachosaidia kwa kiasi cha maana ni mabaki ya mimea iliyooza yaliyoyeyuka majini, yale yanayoyapa maji rangi ya chai, kwa kuwa yanaishika shaba na kuizuia isifike kwenye neva. Maji ya chemchemi kwa kawaida ni meupe na hayana kinga hiyo.

Shaba pia huua seli zenye vinyweleo za mstari wa pembeni, ile hisi inayomwezesha samaki kutambua mtikisiko wa maji na kukaa kwenye nafasi yake ndani ya kundi. Kifaranga aliyepoteza pua na mstari wa pembeni kwa pamoja atakuwa mgumu kushtuka, na hatashikamana na wenzake. Dalili hizo zinakaribiana sana na ulizozieleza.

Kuhusu dawa za wadudu, kundi la ogano-fosfeti, kama diazinoni na klopirifosi, huzuia kimeng'enya kinachosafisha ujumbe kati ya neva na neva au kati ya neva na msuli. Kwa kiwango kikubwa samaki hutetemeka na kufa. Kwa kiwango kidogo hubadilika tu: mikrogramu 1 ya diazinoni kwa lita ilitosha kufuta mwitikio wa tahadhari kwa samoni wachanga katika jaribio lililochapishwa mwaka 2000, na klopirifosi ilipunguza kasi yao ya kuogelea na hamu ya kula. Wako wanakula vizuri, kwa hiyo mimi ningeanza na mabomba kabla ya mashamba. Hata hivyo usiyasahau mashamba, hasa baada ya mvua ya kwanza kufuatia unyunyiziaji.

Na tafadhali, kama unatumia mrututu kuua mwani au vimelea kwenye matangi, acha mara moja. Mrututu ni shaba tupu kwa samaki, na wataalamu wa mabwawa hushauri usitumike kabisa kwenye maji ambayo ualkali wake uko chini ya miligramu 50 kwa lita.

---

Mwanafunzi wa Bahari amejibu:

Ndugu Mlezi ametaja madai yaliyopingwa. Ningependa kulifafanua hilo, kwa sababu watu wengi huchanganya hadithi mbili: ya maji baridi, ambayo Mtafiti wa Mito ameieleza na ambayo inahusu kuharibika kwa ujumbe, na ya bahari, ambayo inahusu ubongo wa samaki.

Bahari hunyonya takriban robo ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu. Tangu mapinduzi ya viwanda pH ya maji ya juu ya bahari imeshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, lakini kipimo cha pH huenda kwa mara kumi kumi, na mshuko huo una maana ya ongezeko la ioni za haidrojeni, yaani chembe zenye chaji ya umeme zinazoleta uasidi, la karibu asilimia 30. Mwaka 2009 timu iliyokuwa ikifanya kazi Australia ilichapisha matokeo kuhusu vifaranga wa samaki wa rangi ya chungwa wanaoishi ndani ya anemoni. Ilieleza kwamba waliolelewa kwenye maji yenye hewa ya ukaa ya kiwango kinachotarajiwa mwishoni mwa karne hii walivutwa na harufu ambazo kwa kawaida wangezikwepa. Kazi zilizofuata ziliongeza kwamba walivutwa hata na harufu ya adui.

Maelezo ya kisayansi yalipatikana mwaka 2012, nayo yana mantiki. Samaki akizungukwa na hewa ya ukaa nyingi, damu yake huelekea kuwa na asidi. Ili kuizuia hukusanya ioni za baikaboneti na kuachilia ioni za kloridi. Ndani ya ubongo kuna vipokezi vinavyoitwa GABA-A, ambavyo hutuliza neva kwa kufungua njia ya ioni hizohizo. Uwiano wa ioni ukibadilika, mlango uliokuwa ukituliza neva unaweza kuanza kuichochea. Watafiti waliwapa vifaranga dawa inayoziba vipokezi hivyo na wakaripoti kwamba tabia ilirudi kuwa ya kawaida.

Kisha ulifuata upinzani. Januari 2020 jarida la Nature lilichapisha kazi ya timu nyingine iliyorudia majaribio hayo kwa samaki zaidi ya 900 wa matumbawe, wa aina sita, kwa kurekodi video na kuweka data zote wazi. Haikupata madhara ya maana kwenye kukwepa harufu ya adui, kwenye wepesi wa mwendo wala kwenye kupendelea kugeukia upande mmoja. Mwaka 2022 uchambuzi uliojumlisha tafiti 91 ulionyesha kwamba ukubwa wa madhara yaliyoripotiwa ulikuwa ukipungua mwaka hadi mwaka tangu 2009 hadi kukaribia sifuri, na kwamba madhara makubwa mno yalitoka zaidi kwenye tafiti zilizotumia samaki wachache, chini ya 30.

Msimamo wangu, baada ya kuzisoma pande zote mbili, ni kwamba dai la samaki wa matumbawe kupoteza akili kwa sababu ya uasidi wa bahari pekee lilivumishwa kupita uzito wa ushahidi wake. Hilo halipunguzi hatari ya uasidi wa bahari kwa viumbe wenye magamba ya chokaa, wala haliondoi matokeo ya maji baridi. Na halifuti njia ya GABA-A yenyewe: ni mlango uleule ambao dawa za binadamu za kutuliza wasiwasi huupitia, na kwa dawa hizo ushahidi uko imara zaidi. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi waliwaweka samaki wa aina ya perchi kwenye maji yenye oksazepamu kiasi cha mikrogramu 1.8 kwa lita. Samaki wakawa jasiri zaidi, wakaacha maficho yao na wakajitenga na wenzao. Mwaka 2025 kazi nyingine kwenye Mto Dal wa Uswidi iliwapa samoni wachanga klobazamu, dawa ya kundi hilohilo, ikawafuatilia wakishuka kuelekea Bahari ya Baltiki. Wengi zaidi walifika baharini na walipita kwenye mabwawa ya umeme kwa haraka zaidi, huku mikusanyiko yao ikibadilika mbele ya adui. Wapo waliosoma habari hiyo kuwa njema. Mimi siwezi kuiita njema, kwa kuwa samaki aliyepungukiwa na hofu hana budi kuilipia hofu hiyo mahali pengine katika maisha yake.

Kwa maji yako, Ndugu Mlezi, la muhimu ni hili: asidi yako inatokana na nini? Asidi ya madini haipenyi matamvua kwa urahisi, lakini hewa ya ukaa hupenya mara moja. Maji ya chemchemi mara nyingi hutoka ardhini yakiwa yamejaa hewa ya ukaa. Jaza ndoo, uipulizie hewa kwa pampu usiku kucha, kisha upime tena pH.

---

Mlezi wa Vifaranga amejibu:

Nawashukuru sana ndugu zangu. Nimefanya kama nilivyoelekezwa. Maji ya ndoo yaliyopuliziwa hewa usiku kucha yamepanda kutoka pH 6.2 hadi 7.6. Ualkali nimeupima kwa matone, nao ni karibu miligramu 18 kwa lita. Mabomba ni ya shaba, na maji hulala ndani yake usiku mzima kabla ya kufunguliwa asubuhi. Mrututu situmii. Je, nimwage chokaa kwenye matangi ili pH ipande haraka?

---

Mtafiti wa Mito amejibu:

Ndugu Mlezi, usimwage chokaa kwa sasa. Vipimo vyako vimesema mengi, na niyaeleze kwa utaratibu wake.

Kwa kuwa pH imepanda kwa hewa tu, asidi ya maji yako ni hewa ya ukaa. Kwa ualkali wa 18 na pH ya 6.2, hesabu inatoa zaidi ya miligramu 20 za hewa ya ukaa kwa lita. Wafugaji wa samoni hujitahidi isizidi 15 hivi, na majaribio ya bahari aliyoyaeleza Mwanafunzi wa Bahari yalitumia kama miligramu moja na nusu tu. Kwa maneno mengine, mjadala wa kama kiwango cha bahari kinatosha kuvuruga ubongo haukuhusu wewe. Kiwango chako ni zaidi ya mara kumi ya kile kinachobishaniwa. Vifaranga wanaokaa juu karibu na bomba wananifikirisha pia, kwa maana hapo ndipo maji yanapovurugika na kuchanganyika na hewa, yakapoteza sehemu ya gesi hiyo.

Tiba yake ni hewa. Yaache maji yaanguke kwa ngazi kadhaa kwenye pipa la wazi, au yapulizie kwa pampu, kabla hayajaingia kwenye matangi. Chokaa ingeficha pH bila kugusa chanzo, na ikiwa ni chokaa kali inaweza kurusha pH kupita kiasi kwenye maji yenye ualkali mdogo namna hiyo.

Lakini hata hewa uilete polepole, na sababu yake ni amonia. Amonia inayotolewa na vifaranga na mabaki ya chakula ipo majini kwa sura mbili, na ile iliyo sumu huongezeka pH inapopanda. Kutoka 6.2 hadi 7.6, sehemu yenye sumu huongezeka takriban mara 25, ingawa jumla ya amonia haijabadilika hata chembe. Punguza chakula, badilisha maji, pima amonia, kisha ongeza hewa hatua kwa hatua. Wapo waliotibu asidi kwa haraka na kesho yake wakakuta matangi yamejaa mizoga.

Shaba inabaki, na naamini Fundi wa Matangi aliigusa sawasawa, kwa maana maji laini yenye hewa ya ukaa nyingi yanayolala usiku ndani ya shaba mpya yamekamilisha kila sharti la kuiyeyusha. Vifaa vya rangi vinavyouzwa kwa ajili ya matangi havioni mikrogramu 2, kwa hiyo peleka maabara sampuli mbili: ya maji ya kwanza ya asubuhi, na ya maji yaliyotiririka kwa muda mrefu. Sampuli zikitofautiana sana, bomba limekiri. Wakati unasubiri majibu, mwaga maji ya asubuhi nje, yasiingie kwenye matangi.

Sasa kuhusu kutenganisha watuhumiwa. Gawa vifaranga wa uzao mmoja kwenye matangi ya aina nne: maji ya chemchemi yaliyochotwa kabla ya bomba, bila hewa, maji hayohayo yaliyopuliziwa hewa, maji yaliyopita kwenye bomba bila hewa, na yaliyopita kwenye bomba kisha yakapuliziwa hewa. Kila aina iwe na tangi zaidi ya moja, la sivyo utakuwa unalinganisha matangi badala ya maji. Tangi la maji ya kisima liwepo pembeni kama kipimo cha tabia ya kawaida.

Kisha wajaribu kwa hisi tofauti. Kwa macho, tumia ubao unaoteleza juu ya tangi kwa kamba, usitumie mkono, kwa sababu mkono wameshauzoea kuwa ni chakula. Kwa mstari wa pembeni, gonga ukuta wa tangi kwa nguvu ileile kila mara. Kwa pua, mwue kifaranga mmoja kwa haraka, saga kipande cha ngozi yake kwenye maji ya kisima yenye pH ya kawaida, chuja, na udondoshe kidogo kwa sindano ndefu huku ukiwa umejificha; siku nyingine udondoshe maji matupu kwa namna hiyohiyo. Anayeangalia video asijue tangi ni la maji gani. Hapo mwanafunzi yeyote makini anaweza kukusaidia.

Matokeo yatajisoma hivi. Wakishtukia ubao na kugongwa kwa ukuta lakini wasijali ngozi, tatizo ni pua au ujumbe. Ili kuchagua kati ya hayo mawili, wahamishe wachache kwenye maji ya kisima na uwape ngozi iliyosagwa humo: wakiitikia, pua ni nzima na ujumbe ndio uliokuwa ukiharibiwa na uasidi, wasipoitikia, pua imeumia, na shaba ndiyo ya kwanza kushukiwa. Wasiposhtukia chochote hata kwenye maji ya kisima, rudi kwenye swali la viuatilifu na upime maji baada ya mvua.

Kuhusu kundi ulilonalo sasa, usiwapeleke bwawani mapema. Neva za kunusa za samaki huota upya. Zilizoguswa kidogo hurejea katika siku chache, zilizokufa huhitaji wiki kadhaa kwenye maji safi. Walee kwenye maji ya kisima kwa muda huo, kisha kabla ya kuwahamisha wape ngozi iliyosagwa pamoja na maji yaliyotoka kwenye tangi la samaki mla nyama wa aina ile iliyomo bwawani mwako, ili wafike huko wakiwa wanaijua harufu yake.